Kama kuna ndugu yenu alifia kwenye nusu kaputi, mwambieni mtaalamu wa usingizi: uzi kuhusu MH

Usingizi Salama (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kuna mwenzetu aliandika kwenye uzi mwingine kwamba binamu yake aliingia thieta kufanyiwa upasuaji wa ngiri akiwa mzima, anataniana na manesi, na hakutoka hai. Familia iliambiwa tu kwamba baada ya kupewa nusu kaputi mwili ulipanda joto ghafla ukakakamaa. Michango iliyofuata wengi mliiona. Wako waliosema dawa ilizidi, wako waliosema mkono wa mtu, na mmoja akamshauri afunge mdomo, yaishe.

Kazi yangu ni kulaza watu usingizi kwa ajili ya upasuaji. Kilichomuua kijana yule siwezi kukijua kwa kusoma mistari minne, maana joto na mwili kukakamaa vinaletwa na mambo mengi. Ila ule ushauri wa kufunga mdomo umenikaa vibaya. Upo ugonjwa ambao ukinyamaziwa unarudi kwenye ukoo uleule na kuchukua mwingine. Jina lake la kitaalamu ni malignanti haipathemia, yaani joto la mwili linalopanda kwa hatari, kazini tunaita MH.

Tuanze na jinsi ulivyojulikana, kwa sababu ulijulikana kupitia mgonjwa aliyekataa kunyamaza. Mwaka 1960 jarida la Lancet lilichapa barua fupi kutoka Melbourne, Australia. Kijana wa miaka 21 alikuwa amevunjika mguu, mfupa umetoboa ngozi. Lakini mguu haukumtisha kama nusu kaputi ilivyomtisha. Aliwaeleza madaktari kwamba ndugu zake kumi walikuwa wamekufa baada ya kulazwa usingizi, na wengi wao dawa iliyotumika ilikuwa etha. Madaktari wakachagua halotheni, dawa ngeni wakati ule, wakakaa naye karibu. Haikupita muda presha ikaanguka, moyo ukaenda mbio, ngozi ikawa ya moto. Dawa ikakatishwa, akazungushiwa barafu, akapona.

Mmoja wa walioandika barua ile ni Michael Denborough, aliyezaliwa Rhodesia ya Kusini, ndiyo Zimbabwe ya leo. Alifuatilia ukoo ule mtu kwa mtu na kuonyesha kwamba tatizo linarithiwa. Vifo kumi, familia moja, na hakuna hospitali iliyokuwa imeviunganisha. Aliyeviunganisha ni yule kijana, kwa sababu kwao walikuwa wakikumbuka.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kisiki cha Mpingo

Asante mkuu. Nimeweka kambi. Swali la mtu asiyesoma sayansi: dawa hiyohiyo wanapewa watu maelfu na wanaamka. Kwa nini mmoja achemke?

Usingizi Salama

Swali zuri kaka. Jibu liko kwenye msuli.

Ndani ya kila seli ya msuli kuna ghala la kalsiamu. Ubongo ukitoa amri ya kusogeza mkono, mlango wa ghala unafunguka, kalsiamu inamwagika, msuli unajikunja. Mlango ukifungwa, kalsiamu inavutwa kurudi ghalani na msuli unalegea. Mlango wenyewe ni protini inayoitwa risepta ya rayanodini, na jeni inayotengeneza protini hiyo ni RYR1, iliyoko kwenye kromosomu ya 19. Ni protini kubwa ajabu, ina amino asidi zaidi ya 5,000. Kosa la herufi moja tu kwenye jeni linaweza kuufanya mlango uwe mwepesi kufunguka na mgumu kufungwa.

Mwenye kosa hilo anaishi kama wewe na mimi. Analima, anacheza mpira, anazaa. Siku anapovuta dawa za usingizi za mvuke, yaani halotheni, isofluraini, sevofluraini au desfluraini, au akichomwa suksamethoniamu ya kulegeza misuli ili mpira wa kupumulia uingizwe, mlango unafunguka na kubaki wazi. Misuli ya mwili mzima inajikunja na kuchoma nguvu bila kupumzika. Oksijeni inaliwa kwa kasi, hewa ya kaboni inazalishwa kwa wingi, damu inakuwa na asidi, joto linapanda. Yakizidi, joto linaweza kupanda digrii moja kila baada ya dakika chache hadi kupita 43. Kisha seli za misuli zinapasuka na kumwaga potasiamu kwenye damu. Potasiamu hiyo ndiyo inayosimamisha moyo. Zinamwaga pia mayoglobini, ambayo inaufanya mkojo uwe rangi ya soda nyeusi na kuziba figo.

Kuhusu dawa kuzidi: hapana. MH inaweza kuanza kwa kipimo sahihi kabisa, mikononi mwa mtaalamu hodari kabisa. Nalisema hili kwa familia zilizobaki na hasira, na pia kwa wenzangu waliobaki na majonzi.

Mfugaji wa Njombe

Samahani nitoke kidogo nje ya mada. Mimi ni mfugaji wa nguruwe. Miaka ya nyuma nilikuwa na damu ya Landrace, nguruwe wenye minofu haswa. Wakati wa kupakia kwenye fuso kuna waliokuwa wanatetemeka, wanakakamaa, wanakufa palepale, na nyama yao inakuwa nyeupe, laini, inavuja maji. Mganga wa mifugo aliniambia ni stresi. Hii habari ya msuli kukakamaa imenikumbusha.

Usingizi Salama

Mkuu hujatoka nje ya mada hata kidogo. Umeingia katikati yake.

Nguruwe ndio waliotufungulia ugonjwa huu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichagua nguruwe wenye minofu mingi, kumbe pamoja na minofu walikuwa wakichagua kosa la RYR1. Nguruwe hao wakishtuka, wakipigana au wakibanwa kwenye gari, misuli inawaka yenyewe hata bila dawa. Mwaka 1966 watafiti Uingereza walieleza kwamba nguruwe wa namna hiyo wakipewa halotheni na suksamethoniamu wanapata hali ileile ya binadamu. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Toronto, David MacLennan akiwemo, likaonyesha kosa lenyewe kwa nguruwe: amino asidi moja tu kwenye ile protini, namba 615, imebadilika. Tofauti yao na sisi ni kwamba nguruwe huugua akirithi kosa kwa baba na kwa mama. Kwa binadamu, kurithi kwa mzazi mmoja kunatosha.

Na hapa Afrika ina sehemu yake, jambo ambalo huwa sisikii likisemwa. Aliyeonyesha kwamba dantrolini inaokoa ni Gaisford Harrison wa Cape Town, mwaka 1975, kwa kutumia nguruwe wa Landrace. Dantrolini ilikuwa ipo tangu 1967 kama dawa ya kulegeza misuli. Yeye akawalaza nguruwe kwa halotheni, wakachemka, akawapa dantrolini, wakapoa. Kufikia 1979 dawa ya sindano ilikuwa imeidhinishwa Marekani kwa ajili ya watu. Kabla yake, katika kila wagonjwa kumi waliopata MH kali, saba au wanane walikufa. Leo, mahali ambapo dawa ipo na inatolewa mapema, hafi hata mmoja kati ya kumi.

Ila mkuu, kuhusu mifugo yako usihitimishe kwa maneno yangu. Nguruwe hufa safarini kwa jua na kubanana tu, na homa ya nguruwe ya Afrika nayo huua ghafla. Mganga wa mifugo ndiye mwenye neno la mwisho.

Mama Abuu

Dada au kaka mleta uzi, umenitia hofu. Mwanangu wa miaka sita amepangiwa kutolewa mafindofindo mwezi ujao. Alishapewa nusu kaputi akiwa na miaka mitatu alipovunjika mkono, akaamka salama. Hiyo si inamaanisha hana?

Usingizi Salama

Mama Abuu, pole kwa hofu, na ngoja nikupe majibu mawili kwa pamoja maana yote ni ya kweli.

Kwanza, kuamka salama mara ya kwanza si uthibitisho. Wengi waliopata MH walikuwa wamewahi kulazwa usingizi huko nyuma bila shida. Inategemea dawa gani ilitumika, muda gani, na mambo mengine ambayo hata sayansi haijayamaliza. Inawezekana pia mara ile alipewa ketamini, ambayo haichochei MH.

Pili, hili ni tatizo adimu. Makadirio ya wataalamu yanatofautiana sana, kuanzia tukio moja katika nusu kaputi 10,000 hadi moja katika 250,000. Mafindofindo yanayomziba mtoto pumzi usiku ni hatari ya kila siku, MH si hatari ya kila siku. Usiahirishe upasuaji kwa sababu ya uzi huu.

Unachotakiwa kufanya ni kuuliza upande wako na upande wa baba yake: kuna aliyefariki au kuponea chupuchupu thieta? Kuna aliyepelekwa ICU baada ya upasuaji mdogo? Kuna mwenye ugonjwa wa misuli? Na jambo moja la ziada kwa kuwa ni mvulana: kama alichelewa kutembea, anaanguka ovyo, au akitaka kusimama anajikwea kwa mikono kwenye mapaja yake, liseme hilo kabla hujaulizwa. Watoto wa kiume wenye ugonjwa wa misuli wa Duchenne wakichomwa suksamethoniamu moyo unaweza kusimama kwa potasiamu. Hiyo si MH, ni tatizo jirani, lakini linazuilika kwa maelezo hayohayo ya mama.

Mama Abuu

Asante sana. Anatembea vizuri, anakimbia. Kwa baba yake nitauliza, wao ni ukoo mkubwa.

Machakos Kwetu

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni klinikal ofisa wa anasthesia, hospitali ya kaunti ndogo. Nimefurahia huu uzi lakini wacha nikuulize swali gumu. Hapa kwetu dantrolini hatuna, sijawahi hata kuishika. Mashine ya kupima kaboni ya pumzi tuko nayo moja na saa zingine imeharibika. Kitabu kinasema dalili ya kwanza ni kaboni kupanda. Sasa mtu kama mimi ataitambuaje, na akiitambua afanye nini?

Usingizi Salama

Swali lako ndilo linalonikosesha raha, ndugu yangu, maana ndilo la wengi wetu. Nitalijibu kwa urefu, wasio wa fani mvumilie.

Kuitambua. Joto, ambalo limeupa ugonjwa jina, mara nyingi huja kwa kuchelewa. Ukilisubiri umeshapoteza muda. Kama huna kapnografi, yaani hiyo mashine ya kupima kaboni ya pumzi, angalia vitu hivi vikija kwa pamoja: mapigo yanapanda bila sababu huku usingizi ukiwa wa kutosha na damu haijapotea, mgonjwa anayepumua mwenyewe anahema kwa kasi isiyoelezeka, kopo la chokaa ya kufyonza kaboni linakuwa la moto ukiligusa na rangi inabadilika upesi, taya limekaza baada ya suksamethoniamu kiasi kwamba mdomo haufunguki, mikono na miguu inakakamaa wakati umempa dawa ya kulegeza. Taya likikaza, usilipuuze hata kama limelegea baadaye. Simamisha, fikiri, na kama upasuaji unaweza kusubiri, usubiri.

Wakati huohuo jiulize mengine, kwa sababu kwetu mengine ndiyo mengi zaidi: usingizi mwepesi, hewa isiyotoka vizuri kwenye mpira, sepsisi, malaria iliyokuwa imejificha, tezi ya shingo iliyopamba moto, mtoto aliyefunikwa mablanketi kwenye chumba kisicho na feni. Kaboni ambayo hata ukiongeza upumuaji bado inapanda, hiyo ndiyo inayoelekeza kwenye MH.

Kufanya. Sema kwa sauti, mwambie daktari wa upasuaji amalize au afunge. Zima mvuke, toa kabisa vepolaiza (kile kifaa kinachotoa mvuke) kwenye mashine. Oksijeni asilimia 100, mtiririko wa juu, lita 10 na zaidi kwa dakika, pumulisha mara mbili au tatu ya kawaida. Usipoteze dakika kutafuta mashine nyingine. Mwendeleze usingizi kwa dawa za mshipani, propofoli, au ketamini kama ndiyo uliyo nayo, ukikumbuka kwamba ketamini yenyewe hupandisha mapigo. Poza: chumvi ya 0.9 iliyotoka kwenye friji, barafu kwenye kwapa, kinena na shingo, feni, vitambaa vya maji. Ukifika 38 na kidogo acha kupoza, asije akashuka kupita kiasi. Potasiamu ikipanda au moyo ukianza kuyumba, mpe kalsiamu ya mshipani, kisha insulini na glukosi, na bikaboneti kwa ajili ya asidi. Weka katheta, hakikisha mkojo unatoka zaidi ya mililita 1 kwa kilo kwa saa. Usimpe verapamili, hasa mahali ambapo dantrolini itatumika. Halafu ICU au popote penye macho ya kumwangalia saa 24, kwa sababu takriban mmoja kati ya wanne au watano huchemka upya baada ya kutulia.

Haya yote yananunua muda. Hayafungi ule mlango. Anayeufunga ni dantrolini, na sitaki mtu atoke hapa akidhani barafu ni mbadala wake. Ila wapo waliopona kwa kukatishiwa mvuke mapema na kupozwa tu, yule kijana wa Melbourne akiwa mmoja wao.

Machakos Kwetu

Nimeshukuru. Lakini kwa nini serikali zetu zisinunue tu hiyo dawa kila hospitali?

Usingizi Salama

Piga hesabu pamoja nami. Chupa ya kawaida ina miligramu 20, unaichanganya na mililita 60 za maji ya sindano. Dozi ya kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 70 anataka miligramu 175, chupa tisa, yaani zaidi ya nusu lita ya dawa inayochanganywa kwa kutikiswa na watu kadhaa huku mgonjwa anachemka. Na anaweza kuhitaji kurudiwa hadi miligramu 10 kwa kilo au zaidi. Ndiyo maana chama cha MH cha Marekani kinashauri kila mahali panapotumika dawa hizi pawe na chupa 36. Ipo aina mpya ya chupa moja ya miligramu 250 inayochanganywa kwa mililita 5 tu, lakini bei yake si ya kwetu.

Kuweka chupa 36 kila kituo cha afya zikae mpaka ziishe muda, wakati kituo hichohicho hakina damu wala kipima oksijeni cha uhakika, mimi siungi mkono. Naunga mkono hospitali za rufaa, zinazotumia mvuke kila siku, kuwa na akiba inayojulikana iko kabati gani na namba ya simu ya kuiomba. Na kabla ya dantrolini, kapnografi kila thieta. Hiyo itaokoa watu kwa mambo mengine mia, na MH ndani yake.

Kisiki cha Mpingo

Hapo kidogo tunapishana mkuu. Dawa iko Dar, mimi niko Sumbawanga. Ikifika nimeshazikwa.

Usingizi Salama

Kaka, huo ni ukweli na sina jibu la kuufuta. Ndiyo maana nasisitiza kuzuia kuliko kutibu. Na kwenye kuzuia, hospitali ya wilaya haiko nyuma ya Melbourne. Dawa zilizo salama kwa mtu wa MH ndizo tunazozitumia kila siku: ganzi ya mgongoni kwa bupivakaini, lidokaini, ketamini, propofoli, daiazepamu, pethidini, mofini, hata gesi ya kuchekesha. Mgonjwa akiniambia mapema, ngiri, busha, mguu, operesheni ya uzazi, vyote navifanya kwa ganzi ya mgongoni bila kuigusa vepolaiza. Ikilazimu mashine, naisafisha kwa oksijeni nyingi, mipira mipya, chokaa mpya, kuanzia dakika 10 hadi zaidi ya saa moja kutegemea aina ya mashine. Hakuna dawa ya kigeni inayohitajika. Kinachohitajika ni ile taarifa.

Mswahili Leeds

Nimesoma kimya tangu mwanzo, acha nichangie. Naishi Uingereza, Leeds, na hapa ndipo kilipo kituo cha nchi nzima cha kupima MH. Nilipimwa mimi mwenyewe baada ya kaka yangu kupata tukio thieta huku. Alipona.

Kwa wanaotaka kujua kipimo kikoje: walinipa ganzi ya mguu tu, wakakata kipande cha msuli wa paja. Kinakwenda maabara hapohapo kikiwa hai, kwa sababu kinatakiwa kupimwa ndani ya saa chache, kwa hiyo huwezi kukituma kwa posta, lazima mwili wenyewe usafiri. Wanavining'iniza vipande vidogo kwenye maji maalumu, kimoja wanakipa halotheni, kingine kafeini, na mtambo unapima kama vinajikunja na kwa nguvu gani. Vya kwangu vilijikunja kwa vyote viwili. Kidonda kilinisumbua kutembea kwa muda, kovu ninalo.

Baadaye ndipo wakapima damu na kuona kosa kwenye RYR1. Watoto wangu kwa hiyo walihitaji damu tu, hawakukatwa.

Usingizi Salama

Asante sana ndugu, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza. Niongeze kidogo tu.

Kipimo hicho cha msuli kilianza Kanada na hapo Leeds mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tangu 1984 vituo vya Ulaya vinafuata utaratibu mmoja. Siku hizi mara nyingi wanaanza na jeni. Lakini shikeni hili: jeni ikionekana, jibu ni ndiyo. Isipoonekana, jibu si hapana. RYR1 ina mabadiliko mamia yaliyoandikwa na si yote yaliyothibitishwa kwamba yanaleta MH, na kuna familia ambazo kosa lao liko kwenye jeni nyingine, CACNA1S au STAC3, au halijapatikana kabisa. Kinachoweza kusema hapana kwa uhakika ni ule msuli.

Nasi huku, ambao hatuna kipimo hicho jirani, tunachoweza kufanya ni kumhudumia kila anayeshukiwa kana kwamba anayo. Hapotezi chochote.

Ndugu wa Marehemu

Mimi ndiye niliyeandika kule kuhusu binamu yangu. Nimesoma yote na machozi yamenitoka. Niulize, baba yake ni kaka wa mama yangu. Mimi na wadogo zangu tuko hatarini? Na kuna ukweli kwamba ni mkosi wa ukoo?

Usingizi Salama

Pole sana ndugu yangu. Mungu amweke mahali pema.

Kama ilikuwa MH, na narudia kama, basi kosa linapita kwa baba au kwa mama, kwa wana na kwa mabinti, na kila mtoto wa mwenye kosa ana nafasi moja kati ya mbili ya kulipata. Binamu yako angeweza kulipata kwa baba yake, ambaye ni mjomba wako, na hapo mama yako naye anaweza kuwa nalo, na ninyi pia. Au alilipata kwa mama yake, na ninyi hamhusiki. Kwa hiyo cha kwanza ni kuuliza kwa mjomba: upande wake au wa mkewe, kuna kifo kingine cha thieta?

Msishangae ikionekana imeruka kizazi. Haijaruka. Ni kwamba aliye katikati hakuwahi kupewa mvuke maishani mwake, au alipewa na safari ile hakikutokea kitu. Watu wanaona vifo viwili vimepishana miaka 30, hawaoni kinachoviunganisha, wanasema mkosi. Ni jeni.

Cha pili, nendeni hospitali ile, kwa upole, mkaombe muhtasari wa maandishi: dawa gani zilitumika, joto lilifika ngapi, taya au mwili ulikakamaa wakati gani, mkojo ulikuwa rangi gani, kama walipima potasiamu na CK, kipimo cha damu kinachoonyesha misuli kuumia. Msiende kwa kutafuta wa kumshtaki, mkienda hivyo faili litapotea. Waambieni mnataka kuwalinda waliobaki.

Cha tatu, kama kuna mwenzenu anapata maumivu makali ya misuli na mkojo mweusi baada ya mazoezi mazito au juani, aonwe na daktari. Baadhi ya wenye kosa la RYR1 huwa hivyo.

Ndugu wa Marehemu

Jumamosi tuna kikao cha familia. Nitalisema.

Bint Tanga

Swali langu la mwisho, naomba nisipitwe. Nina mimba ya miezi saba, wameniambia huenda nikafanyiwa operesheni. Kwetu hakuna historia hiyo. Ila mume wangu, shangazi yake alikufa kwenye nusu kaputi zamani, na mdogo wake alikaza mwili thieta akapelekwa ICU, akapona. Yeye si ndiye anayefanyiwa upasuaji, ni mimi. Niseme au nisiseme?

Usingizi Salama

Dada, sema, na nashukuru umeuliza. Hili hata sisi wenyewe tunalisahau.

Kama mumeo ana kosa hilo, mtoto aliye tumboni ana nafasi moja kati ya mbili ya kuwa nalo. Dawa za mvuke zinavuka kondo zikamfikia. Kwa hiyo, mpaka mtoto atoke, wewe unahudumiwa kama mwenye MH ingawa mwili wako ni salama. Kwako chaguo la kwanza ni ganzi ya mgongoni, ambayo ndiyo inayotumika kwa operesheni nyingi za uzazi hata bila sababu hii.

Usisubiri siku ya uchungu. Kliniki ijayo nenda na mumeo, mwombe mkunga awakutanishe na mtaalamu wa usingizi. Mwambieni maneno haya: "Shangazi wa baba mtoto alifariki kwenye nusu kaputi, na mdogo wa baba mtoto alikakamaa thieta akalazwa ICU. Tunahofia MH. Tunaomba ganzi ya mgongoni, na ikishindikana, msitumie mvuke wala suksamethoniamu." Mwombe aandike hivyo kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yako ya kliniki, kwa sababu unaweza kujifungua usiku, zamu ya mtu mwingine. Na mtoto akizaliwa, iandikwe kwenye kadi yake pia.

Bint Tanga

Kliniki ni Jumanne. Nimeshamtumia mume wangu huu uzi wote, anampigia mama yake sasa hivi.